Nilitolewa, Sikujitoa

Katika shirika letu, jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa hapa Majengo, Goma, mimi ndiye ninayeandaa mafundisho ya Kwaresima, na mada zenyewe hazibadiliki sana mwaka hata mwaka: kufunga, kusali, kutoa. Kwaresima ya 2025 ilinitia taabu. Majivu tulipakwa tarehe 5 Machi. Mji ulikuwa umetoka mikononi mwa serikali ya Kongo na kuingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, benki zimefunga milango, ndege haziruki, na mtu aliyekuwa na dola zake benki alikuwa anakopa unga kwa jirani kama sisi wengine. Nisimame mbele ya akina mama wa namna hiyo niwaambie nini juu ya kujinyima? Mmoja wao alinitangulia. Kabla sijafungua daftari akasema, "Mama, mwaka huu sisi tumekwisha kufungishwa. Utufundishe kitu kingine."

Tulicheka wote. Lakini alikuwa amegusa jambo ambalo nimeishi nalo tangu nikiwa msichana, na ambalo nilikuwa sijawahi kulisema mbele ya watu.

Baba yangu alifariki nikiwa mwaka wa pili wa sekondari. Matanga yalipokwisha, baba wadogo walikaa na mama, wakahesabu watoto, wakahesabu pesa iliyobaki, na hesabu ikatoka hivi: mimi mkubwa, tena msichana, niache masomo nikauze sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, ili wadogo zangu wa kiume wapate minervali, yaani ada ya shule. Sikuitwa katika kikao. Niliambiwa usiku, na asubuhi beseni lilikuwa limekwisha kununuliwa. Nikaanza kushuka Kituku, soko la ufukweni, kabla ya jua, wakati mitumbwi inarudi na taa zake kutoka ziwani, kwa sababu sambaza hazingoji mtu. Ukichelewa kuzinunua utazipata ghali, ukichelewa kuziuza zitakuozea mikononi, na mtaji ni wa kukopa. Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu.

Kazi yenyewe haikunichukiza. Kituku kulikuwa na kelele na ugomvi na vicheko, na nilijifunza kuhesabu upesi kuliko wadogo zangu waliokuwa wanasomea hesabu. Kilichoniudhi kilikuja baadaye, nacho ni sifa. Kila ndoa ya nyumbani, kila komunyo ya kwanza, baba mdogo mmoja alikuwa anasimama na glasi yake anasema, "Msimsahau yaya yenu, huyu dada mkubwa. Alijitoa kwa ajili yenu kama Yesu." Watu wanapiga makofi. Mimi natazama sahani yangu. Nilikuwa nahisi nimeibiwa mara ya pili: mara ya kwanza walichukua shule, sasa wanachukua hata haki ya kusema kwamba walichukua.

Na kanisani ilikuwa vilevile. Mkesha wa Pasaka, inaposomwa habari ya Ibrahimu na mlima, watu wote wanamtazama Ibrahimu: imani yake, uchungu wake, kisu chake. Mimi nilikuwa namtazama Isaka. Kitabu cha Mwanzo kinasema ni yeye aliyebebeshwa kuni. Anauliza swali moja tu njiani, mwana-kondoo wa sadaka yuko wapi, anajibiwa kwamba Mungu atajipatia, na baada ya hapo hasemi tena mpaka amefungwa juu ya kuni zile alizozibeba. Waalimu wa Kiyahudi wa zamani waliona pengo hilo, wakasimulia kwamba Isaka alikubali, tena kwa furaha. Huenda. Lakini maandiko yenyewe hayasemi kama aliulizwa, na mimi nilikuwa najua kimya cha mtoto asiyeulizwa kinafananaje.

Nilikuwa mtu mzima, nimeolewa na nina watoto, nilipomwambia mtu. Alikuwa sista mzee aliyekuja kutufundisha sisi makatekista wa mitaa. Siku hiyo somo lilikuwa juu ya msalaba, na nikauliza, kwa ukali kidogo, kama Mungu anafurahia watu wanaotolewa na wenzao. Nilidhani atanionya. Hakunionya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanielekeza Yohana sura ya kumi, pale Yesu anaposema juu ya uhai wake: "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe." Akasema nikasome tena habari za mateso nikiwa na mstari huo mkononi, na nitafute mahali ambapo angeweza kuponyoka.

Nilikwenda kusoma hivyo, na nikaona mambo ambayo sikuwa nimeyaona katika Ijumaa Kuu zote za maisha yangu. Bustani ya Gethsemane iko chini ya Mlima wa Mizeituni, na ukivuka mlima huo unaingia jangwa la Yudea. Ni usiku. Wanafunzi walikimbia wote, hata yule kijana aliyeacha shuka mikononi mwa askari. Mtu aliyeijua njia ile kama Yesu alivyoijua angekuwa mbali kabla ya kupambazuka. Alibaki. Katika Yohana anawatokea askari yeye mwenyewe, anawauliza wanamtafuta nani, na anawataka wawaache wenzake waende zao. Katika Mathayo anamwambia aliyechomoa upanga kwamba angeweza kumwomba Baba majeshi ya malaika. Kamba walimfunga, ndiyo, lakini walimfunga mtu aliyekuwa amekwisha kuamua.

Na kuna jambo lililonigusa kuliko hilo. Kabla ya kuamua, aliomba kikombe kimwepuke. Aliomba zaidi ya mara moja, kwa jasho na huzuni, na wala hakukemewa kwa kuomba. Neno la mwisho, "si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe," lina uzito kwa sababu kabla yake alisema wazi alichotaka. Hata Mwana wa Mungu aliruhusiwa kusema kwamba hataki. Mimi sikuruhusiwa. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba yale yaliyonipata na yale aliyoyafanya yeye si kitu kimoja, hata kama kwa mbali yanafanana, na kwamba baba mdogo hakuwa na ruhusa ya kuyapaka rangi moja.

Tangu siku hizo nasikia vizuri zaidi hata misa. Katika Sala ya Ekaristi ya Pili, ile fupi ambayo mapadri wetu wanaipenda kukiwa na joto, padri anasema kabla ya kuutwaa mkate kwamba Yesu aliingia katika mateso yake kwa hiari. Tunasema Amina, tunapokea, tunaenda nyumbani kugawiana mizigo kwa nguvu.

Basi Kwaresima ile ya 2025 niliacha karatasi zangu, nikawaambia akina mama tusome kwanza juu ya wale wanaowatoza wengine sadaka. Tulianza na mjane wa Marko, yule wa senti mbili. Kila mtu Goma anamjua mjane huyo. Anahubiriwa kila inapohitajika pesa ya mabati, ya spika, ya gari la mtumishi. Lakini wachache wanaanza kusoma mistari michache kabla yake. Yesu anawaonya watu wajihadhari na waandishi wanaopenda kusalimiwa sokoni na kukaa viti vya mbele, wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu za kujionyesha. Ndipo anaketi kuelekea sanduku la hazina, na anakuja mjane. Tena akitoka hekaluni, mwanafunzi mmoja anasifia mawe makubwa ya jengo lile, na Yesu anamjibu kwamba halitabaki jiwe juu ya jiwe. Sisi tunamkata mjane katikati, tunamweka peke yake katika bahasha ya matoleo. Ni kweli Yesu alimheshimu. Alimwona, alisema ametoa kuliko wote, na moyo wake hakuna aliyeulazimisha. Lakini aliowalaumu ni wale waliojenga mahali ambapo mjane anafikia kutoa riziki yake yote.

Mama mmoja jirani yangu (si wa shirika letu, anasali katika kanisa moja la uamsho) aliuza cherehani yake wakati wa shida hiyohiyo "kupanda mbegu", kwa sababu mhubiri alisema benki za duniani zimefungwa lakini benki ya mbinguni iko wazi. Watu walisema amen. Cherehani ndiyo ilikuwa inalisha nyumba yake. Kama angekuwa ameamua peke yake, chumbani, kwa utulivu, ningenyamaza. Wako watakatifu waliofanya makubwa kuliko hayo. Lakini aliuza baada ya usiku kadhaa wa kuambiwa kwamba anayebana mkono anabana baraka za watoto wake. Huo ni ushuru. Mimi ni mtu wa kuvuka mpaka na bidhaa, ushuru ninaujua hata ukivaa kanzu.

Nikawaonyesha akina mama habari ya Anania na Safira, ambayo pia tunaitumia kutishia watu. Sikilizeni Petro anasema nini kwa Anania: shamba lilipokuwa kwako halikuwa mali yako? Na lilipouzwa, pesa haikuwa katika uwezo wako? Maana yake angeweza kutouza. Angeweza kuuza na kutoa nusu, akasema ni nusu. Kosa lake lilikuwa uongo, kutaka sifa ya kutoa vyote huku amebakiza. Paulo naye anawaandikia Wakorintho kwamba kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima." Na katika ile barua fupi kwa Filemoni, akimrudishia mtumwa wake Onesimo, Paulo anasema anao ujasiri wa kumwamuru, lakini hamwamuru, ili wema wake "usiwe kama kwa lazima, bali kwa hiari." Mtume mzima, mzee, mfungwa, anaogopa kumnyima Filemoni nafasi ya kutenda wema mwenyewe! Viongozi wetu wa matoleo wangeisoma barua hiyo. Ni ya ukurasa mmoja tu.

Naona nimewasema sana watozaji. Niseme sasa juu ya mtu aliyetoa.

Floribert Bwana Chui alikuwa mtoto wa Goma, aliyezaliwa hapa 1981. Alisomea sheria, alikuwa wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, na alijishughulisha na watoto wa barabarani, wale maibobo tunaowafukuza kwenye meza zetu, ili wasome katika Shule ya Amani. Kazi yake ilikuwa katika ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa mpakani. Mwaka 2007 ulipita mchele ulioharibika, naye akakataa kuusaini. Akaahidiwa pesa, akakataa. Akasumbuliwa, akakataa. Julai mwaka huo alitekwa, na mwili wake ukapatikana ukiwa na alama za mateso. Alikuwa na miaka 26. Kanisa limemtambua kuwa shahidi wa imani, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri kule Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta. Sisi tulifuata kwenye simu, tumejazana kwa jirani mwenye mtandao, picha inakatika na kurudi.

Mtu wa mbali atasema: alikufa kwa sababu ya mchele? Mtu anayepita mpaka wa Petite Barrière na beseni kichwani hawezi kuuliza hivyo. Mimi najua kule "hapana" inagharimu kiasi gani, na najua "ndiyo" ilivyo rahisi. Hakuna aliyekuwa anamdai awe shujaa. Angesaini, mchele ungepanda malori mchana, kesho ungekuwa sokoni Birere katika magunia, keshokutwa ungekuwa katika sufuria zetu, na mtoto akiumwa tumbo tungesema ni maji ya ziwa. Hakuna mama ambaye angejua jina la aliyesaini. Wala waliopona hawajui kama walipona. Hilo linanishangaza kuliko yote: alitoa uhai wake kwa watu ambao wasingeweza hata kumshukuru, kwa sababu chakula ambacho hukukila hakikuachii kumbukumbu.

Na alikuwa na cha kubakiza. Alikuwa na kazi nzuri, alikuwa na mchumba, alikuwa na watoto wake wa Shule ya Amani. Nalisema kwa sababu baada ya tangazo lile vijana wetu walipata moto, na mmoja akaja kuniambia kwamba yeye pia yuko tayari kufa. Kufa kwa ajili ya nini, hakuwa na hakika. Siku hizi kuna wengi wanaowaita vijana wajitoe, na wengine wanawapa na silaha. Nikamwambia habari ya Kwinto. Iko katika simulizi ya kifo cha Polikarpo, askofu wa Smyrna, ya karne ya pili. Wakati Wakristo wanatafutwa, Kwinto huyo alijipeleka mwenyewe na kuwashawishi wengine wajipeleke. Alipowaona wanyama wakali aliogopa, akakana. Polikarpo, mzee, alikubali ushauri wa kujificha shambani, akahamishwa nyumba moja hadi nyingine, na walipomfikia mwisho alisema mapenzi ya Mungu yatimizwe, akaagiza waliokuja kumkamata waandaliwe chakula. Walioandika wanasema wazi kwamba hawawasifu wanaojitia wenyewe. Kijana hakupenda hadithi hiyo. Alitaka ya simba. Nikamwambia Floribert hakwenda kutafuta wauaji, alikwenda kazini. Kifo ndicho kilichomfuata, na alipokiona kinakuja hakubadilisha saini yake.

Katika shirika mambo hayakwenda laini kama ninavyoyaandika hapa. Jumatano moja, baada ya mimi kusema kwa mara nyingine kwamba sadaka isiyo ya hiari si sadaka, mama mmoja mjane, mkubwa wetu sote, aliomba neno. Huyu ni mtu ambaye nyumba yake ya kwanza ilimezwa na lava ya Nyiragongo Januari 2002, siku zile kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu nalo lilipokwenda. Akasema:

"Mama, mimi vita sikuichagua. Volkano sikuichagua. Bwana yangu kufa sikuchagua. Kama ni hivyo unavyosema, basi miaka yangu yote ni bure mbele ya Mungu?"

Chumba kilinyamaza, na mimi sikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nimejenga fundisho langu juu ya uchungu wangu, na uchungu wangu ulikuwa na watu wa kulaumiwa, wale walioketi na kuhesabu. Volkano haina kikao. Mlango wangu ulikuwa mwembamba kwake.

Nikamwomba Simoni wa Kirene anisaidie, kwa sababu ndiye niliyemkumbuka. Alikuwa anatoka shamba, anapita zake, askari wakamshurutisha kuubeba msalaba. Hakujitolea hata kidogo. Lakini Marko, akiandika baadaye, anamtaja kuwa baba yao Aleksanda na Rufo, kana kwamba wasomaji wake wanawafahamu vijana hao. Mtu hataji watoto wa mpita njia asiyejulikana. Wengi wanaona hapo kwamba kitu kilitokea katika nyumba ile baada ya siku ile, na kitu hicho hakikushurutishwa na askari yeyote.

Mama akafikiri. Akasema, polepole, kwamba basi yeye pia anayo ya kwake, ila hakuwahi kuihesabu. Februari 2025, kambi za wakimbizi za pembeni ya mji zilipovunjwa na watu wakaambiwa warudi makwao, mwanamke mmoja na watoto wake kutoka upande wa Rutshuru walisimama kwenye mlango wake na mikeka kichwani. Nyumba yake ni ya mbao, vyumba viwili, juu ya mawe ya lava. Unga wake ulikuwa wa siku chache. "Nilikuwa na uwezo wa kufunga mlango," alisema. "Nani angenisema? Hakuna aliyekuwa anaangalia." Akawaingiza. Wakati tunazungumza walikuwa bado kwake, na watoto wale walikuwa wamemvunjia kikombe cha harusi, jambo alilolisema kwa hasira ya kweli, tukacheka.

Kwa hiyo sasa nasema hivi, na ninasema kwa uangalifu kuliko zamani. Alichonyang'anywa mama huyo, Mungu amekiona, na sidhani anakiita sadaka. Nadhani anakiita hasara, analia pamoja naye kama alivyolia kaburini kwa Lazaro. Alichotoa ni mlango. Msalaba aliobebeshwa ulimfundisha uzito wa mzigo wa mwingine, lakini haukufungua mlango wenyewe. Aliufungua yeye. Na mtu anayemwambia mjane kama huyo, au mke anayepigwa, "vumilia, beba msalaba wako," anapaswa kwanza aulizwe kama yeye ndiye anayeuweka mabegani. Nimewaona wake waliorudishwa kwa waume wenye fimbo kwa mstari wa Biblia. Yesu alisema mtu auchukue msalaba wake. Hakumpa mtu yeyote ruhusa ya kuchonga wa mwenzake.

Papa Fransisko, katika barua yake ya 2017, alifungua njia ya pekee ya kuwatangaza wenye heri wale waliotoa uhai wao kwa upendo bila kuuawa na mtesi wa imani. Sharti linalotajwa mwanzoni ni kwamba utoaji uwe huru na wa hiari. Nililifurahia hilo kama mtu aliyepewa risiti aliyoidai miaka mingi.

Mdogo wangu wa pili anafanya kazi Kampala. Mwaka huo wa 2025 alinipigia simu kwa sikukuu na, kama kawaida ya nyumbani kwetu, akaanza: "Yaya, ulijitoa kwa ajili yetu..." Nikamkatiza. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida, wala sikuwa na hasira, "Mdogo wangu, sikujitoa. Nilitolewa. Sadaka yangu ilianza baadaye, pale nilipoweza kuwaacha nikawa sijawaacha." Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu akauliza alikuwa na miaka mingapi wakati ule, nikamwambia, naye akasema alikuwa anadhani mimi nilichukia shule. Ndivyo walivyomwambia. Hakuongeza mengi, lakini tangu hapo minervali ya binti yangu mkubwa analipa yeye. Sikumwomba, na nilimwambia kwamba siku akichoka aache bila kujieleza.

Binti huyo ndiye aliyeleta mtihani. Mama yangu aliteleza kwenye mawe akichota maji, akavunjika nyonga, na akarudi nyumbani mtu wa kulala tu. Ndugu walikutana. Baba mdogo aliyebaki, mzee sasa, alisema kile kile nilichokijua, karibu kwa maneno yale yale: yuko msichana mkubwa, yuko darasa la mwisho, mwaka mmoja si kitu, akae na koko yake, yaani bibi yake. Na akaongeza kwamba ni Kwaresima, wakati wa kujitoa. Nilikuwa nimefungua mdomo, lakini mama yangu alinitangulia kutoka kitandani. Hakuinua kichwa. Alisema, "Huyu mumuulize. Mama yake hatukumuuliza." Katika miaka yote ile hakuwahi kuligusa jambo hilo, hata mara moja.

Hakuna aliyejibu. Nikasema shule haiachwi, wala haijadiliwi. Mimi nitapunguza siku za soko, na kila mdogo wangu atatoa chake kadiri anavyopenda mwenyewe. Baba mdogo alikasirika, akaomba kofia yake, akaenda. Karibu wote walitoa. Mmoja hakutoa, na nimejizuia kumsema.

Wiki ile ile binti yangu alikuja jikoni akasema anataka kulala kwa koko usiku, kumgeuza na kumpa maji, na asubuhi aende shule kutokea kule, kwa sababu ni karibu zaidi. Nikamwambia si lazima. Akasema anajua. Nikamwambia anaweza kukataa, hata kesho, hata katikati ya wiki, na hakuna atakayemtazama vibaya. Akasema ameelewa. Nikamwuliza kama ni baba mdogo aliyempigia simu, au kama ni mimi aliyeniona nimechoka, au kama ni padri. Akaweka sufuria chini.

"Mama," akasema, "ukiniuliza tena mara moja, nitakataa kweli."